Mwaka 916: Kijana wa Baghdad Katika Bahari Yetu

Kwenye daftari la historia kuna orodha ambayo karibu kila mtoto wa sekondari ameikariri: Periplus, Ptolemy, Al-Masudi, Al-Idrisi, Ibn Battuta. Mwalimu anaandika ubaoni, wanafunzi wananakili, mtihani unakuja, majina yanajazwa kwenye nafasi, basi. Al-Masudi anapewa mstari mmoja: msafiri Mwarabu aliyefika pwani ya Afrika Mashariki karne ya 10. Nukta. Alikuwa na umri gani? Alipanda chombo cha nani? Wenyeji walimkaribisha na chakula gani? Dunia nyingine ilikuwa inafanya nini siku hizo? Daftari limenyamaza.

Mimi nimemaliza shule, naishi huku Wazo, na kazi ninayoitaka maishani ni kuandika riwaya. Nataka moja ya riwaya hizo ianze Pemba, zaidi ya miaka 1,100 iliyopita. Sasa riwaya haiandikwi kwa mstari mmoja wa daftari. Mtu wa riwaya lazima ajue mhusika wake amekula nini asubuhi. Ndiyo maana nimeuchukua mwaka mmoja tu, 916, nikaanza kuukamua kama nazi. Tui lililotoka nakugawieni hapa.

KWA NINI 916?

Kwa sababu mwenyewe alituachia tarehe. Katika kitabu chake kikubwa, Muruj al-Dhahab, Al-Masudi anasema mara yake ya mwisho kuivuka bahari ya Wazanji, akitoka kisiwa cha Kanbalu kwenda Oman, ilikuwa mwaka 304 wa Hijria. Mwaka huo ulianza Julai 916 ukaishia Juni 917. Hapo mtoto wa pwani anaweza kuongeza lake. Chombo cha tanga hakitoki kwetu kwenda Oman bila kusi. Na kusi inapokaza kabisa, mwezi wa Juni na Julai, nahodha mwenye akili hatii nanga juu. Kwa hiyo ama kijana wetu aliondoka kusi inalegea, Agosti au Septemba ya 916, ama aliondoka mwanzoni mwa kusi iliyofuata, Aprili au Mei 917. Wanahistoria wameshika 916, nami nashika hapo hapo.

Nimesema kijana, na sikosei. Al-Masudi alizaliwa Baghdad katika miaka ya 890. Piga hesabu: alikuwa na miaka 20 na ushee. Rika letu kabisa! Umri ule ambao vijana wa mjini hapa wanashinda kijiweni wakipanga mikakati ya kuzamia meli, yeye alikuwa ameshaiona India, na mwaka huohuo wa 304 anasema alikuwa Saymur, bandari ya kusini ya Mumbai ya leo, akakuta Waislamu kama 10,000 wanaishi humo. Tofauti yake na mzamiaji ni kwamba yeye alikuwa anauliza maswali na kuandika majibu.

DUNIA ILIKUWAJE?

Tuanzie kwao. Baghdad, mji wa makhalifa wa Abbasi, ulikuwa bado unang'ara, lakini nguzo zilikuwa zinaliwa na mchwa. Khalifa alikuwa Al-Muqtadir, aliyekalishwa kitini mwaka 908 akiwa mtoto wa miaka 13. Aliyeshika usukani hasa ni mama yake, Shaghab, mwanamke aliyeingia kasri ile akiwa mtumwa. Mawaziri walikuwa wanapandishwa na kuangushwa, na kila anayeangushwa anakamuliwa mali. Gerezani alikuwemo Al-Hallaj, sufi mkubwa, anayesubiri hukumu ambayo ilikuja kumuua mwaka 922. Mwaka mmoja tu baada ya 916, wajumbe wa mfalme wa Rumi walipofika Baghdad, waliwekewa maonyesho: tembo, simba 100, na mti wa fedha wenye ndege wa bandia wanaolia. Mti wa fedha, hazina tupu. Jamani, historia ina mambo.

Hao Warumi wa Konstantinopoli nao walikuwa chini ya mwanamke, Zoe, aliyetawala kwa niaba ya mwanawe mdogo. Na huko Uingereza, ambayo ilikuwa bado haijawa nchi moja, bibi mmoja aliyeitwa Æthelflæd alitawala Mercia. Juni 916 abati mmoja, Ecgberht, aliuawa pamoja na wenzake. Siku tatu baadaye bibi huyo alipeleka jeshi Wales, likaivunja ngome iliyokuwa ndani ya ziwa, likamteka mke wa mfalme na watu wengine 33. Kwa hiyo anayekwambia wanawake wameanza kushika madaraka juzi, mpe mwaka 916 auhesabu: Baghdad, Konstantinopoli, Mercia. Watatu kwa mpigo.

Afrika ya Kaskazini, Mafatimi walikuwa wamewapora Waabbasi nchi ya Tunisia, na mwaka huohuo wa 916 wakaanza kujenga mji wao mpya ufukweni, Mahdia. Shika jina hilo la Mafatimi, tutarudi nalo Pemba. Ng'ambo ya Atlantiki, Wamaya walikuwa wanaihama miji yao ya kusini. Tarehe ya mwisho ya kalenda yao ndefu inayojulikana ilichongwa jiweni huko Toniná mwaka 909.

China ndiyo inayotuhusu zaidi. Ukoo wa Tang ulikuwa umeanguka mwaka 907, nchi imegawanyika vipande. Kaskazini, mwaka 916, kiongozi wa Wakhitani, Abaoji, alijitangaza mfalme mkuu. Kusini, bandari ya Guangzhou ilikuwa na mtawala wake aliyejitangazia ufalme mwaka uliofuata. Kabla ya hapo, mwaka 879 hivi, waasi wa Huang Chao walikuwa wameivamia Guangzhou na kuwachinja wafanyabiashara wageni kwa maelfu. Tangu hapo meli za Siraf na Oman zikaacha kwenda moja kwa moja mpaka China. Zikawa zinakutana na meli za Wachina nusu ya njia, mahali panapoitwa Kalah, upande wa Malaya.

Utauliza, Guangzhou na Pemba wapi na wapi? Jibu ni pembe za ndovu. Al-Masudi anaeleza wazi: pembe zinatoka nchi ya Wazanji, zinapelekwa Oman, kisha India na China. China zilipamba viti vya kubebea wakubwa. India zilitengenezwa mipini ya majambia na kete za sataranji. Kwa hiyo tembo aliyeanguka huku bara, hata kama mwindaji hajui China iko upande gani, pembe lake lilikwenda kukaliwa na bwana mkubwa wa Kichina. Nayo vita ya Guangzhou ilibadilisha njia ya pembe hilo baharini. Hiyo ndiyo dunia ya 916, na pwani yetu ilikuwa barabarani kabisa.

CHOMBO NA MAWIMBI

Al-Masudi alisafiri na watu wa Siraf, bandari ya Uajemi iliyojaa mabaharia na matajiri wa vyombo. Anawataja wenye chombo alichorudia: ndugu wawili, Ahmad na Abd al-Samad. Mtawala wa Oman aliyemkuta wakati ule anamtaja pia, Ahmad bin Hilal. Vyombo vyao vilishonwa kwa kamba za nazi, misumari hakuna, kama mitepe ya babu zetu wa Lamu.

Anasema ameshapita bahari nyingi, ya China, ya Rumi, ya Khazar, ya Shamu, lakini hakuona yenye hatari kama hii yetu. Mawimbi kama milima, lakini hayavunjiki wala kutoa povu. Mabaharia waliyaita mawimbi vipofu. Hebu ukae na jina hilo kidogo. Wimbi linalokuja bila kukuona na wewe huoni litakapoishia. Walipokaribia Hafun, pembe ya Somalia, mabaharia walikuwa wanaimba kuutajia ule upande na mawimbi yake, kama wavuvi wa Kunduchi wanavyoimba wakivuta jarife. Wale ndugu wawili walikuja kufia humohumo, chombo, mali na watu wote. Yeye amesalimika, kwa hiyo majina yao nayo yamesalimika.

KANBALU NI WAPI?

Kumekuwa na ubishi. Wako waliosema Komoro, wako waliosema Madagaska, wako waliosema Unguja. Wengi leo wanaelekea Pemba, hasa Ras Mkumbuu, ile ncha ndefu ya magharibi ambako magofu ya msikiti yamesimama. James Kirkman alichimba huko miaka ya 1950, na baadaye Mark Horton akakuta chini ya msikiti wa mawe mabaki ya misikiti ya zamani zaidi. Al-Masudi alisema kisiwa kiko mwendo wa siku moja au mbili kutoka pwani, kina Waislamu na wasio Waislamu pamoja, na watawala wake ni Waislamu. Halafu anadondosha neno ambalo mimi nimelipigia mstari mara mbili: Waislamu hao walikuwa wanasema lugha ya Wazanji. Mgeni akija, na dini yake na majahazi yake, anaishia kusema kama wenyeji. Mambo ya pwani hayakuanza leo.

Si Ras Mkumbuu peke yake. Unguja Ukuu ilikuwa bandari karne kadhaa kabla ya 916. Kaskazini ya Pemba, kijiji cha Tumbe kilikuwa na watu tangu karne ya 7 mpaka ya 10, wakitengeneza shanga za makombe na kutumia vyombo vilivyoletwa kutoka Ghuba ya Uajemi. Shanga, kule Lamu, misikiti ya miti ilijengwa tangu karne ya 8. Na huku upande wetu wa Mrima, wachimbaji wa mambo ya kale, akiwemo Profesa Felix Chami, wameokota vigae vya vyungu vyenye nakshi za pembetatu pamoja na mabaki ya kuyeyusha chuma. Vyungu vya aina hiyohiyo vimeonekana visiwani na bara. Maana yake wale wa visiwani na wale wa Mrima walikuwa watu wa jiko moja.

WALIKULA NINI?

Hapa ndipo mwandishi wa riwaya anapotolewa jasho. Ukitaka kumweka mhusika wako Pemba mwaka 916, kwanza ng'oa mikarafuu yote. Karafuu zililetwa visiwani karne ya 19. Kisha ondoa muhogo, ondoa mahindi, ondoa nyanya, pilipili, mananasi na mapapai. Vyote hivyo ni vya Amerika, havikufika kabla ya Wareno. Ugali wa sembe hakuna. Chachandu hakuna. Sigara ndiyo usiseme.

Kilichobaki anakitaja Al-Masudi mwenyewe: ndizi, nafaka jamii ya uwele na mtama, asali, nyama, nazi, na mzizi mmoja wa kuchimba ardhini aliouita kalari. Ongeza samaki, maana magamba na mifupa yake imejaa kwenye machimbo. Watu walijipamba kwa chuma kuliko dhahabu na fedha. Ng'ombe walipandwa na kutandikwa kama farasi, hata vitani. Anasema mfalme wa Wazanji alikuwa na askari 300,000 wa kupanda ng'ombe. Hesabu hiyo ni ya baharini, wewe punguza unavyotaka.

MFALME ANAYEDHULUMU

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya nikose usingizi. Al-Masudi anaandika cheo cha wafalme wa Wazanji kwa herufi za Kiarabu, na wataalamu wengi wanalisoma neno hilo kama lilelile letu: wafalme. Fikiria! Neno unalolisikia kila siku kwenye redio limo kwenye kitabu cha karne ya 10. Ni miongoni mwa maneno ya mwanzo kabisa ya lugha za kwetu kuwekwa kwenye karatasi.

Na anaeleza kazi ya mfalme huyo. Alichaguliwa ili atawale kwa haki, akahesabiwa kuwa mwana wa Mola Mkuu, mwenye mbingu na nchi. Akianza kudhulumu na kuiacha haki, watu humuua, na ukoo wake wote hunyimwa kiti. Sababu yao: kwa kudhulumu, ameshaacha kuwa mwana wa Mola. Cheo kimemtoka chenyewe, wao wanamalizia tu.

Mimi siwaambii mtu amuue mtu. Nasema hivi: tumezoea kuambiwa kwamba habari za kumwajibisha mkubwa zimeletwa na meli kutoka Ulaya, pamoja na sanduku la kura. Mwaka 916 Ulaya ilikuwa na wafalme, sisi tulikuwa na wafalme. Lakini huku kwetu, kwa maelezo ya mgeni ambaye hakuwa na sababu ya kutusifu, uhalali wa mfalme ulikuwa unapimwa kwa haki anayotenda. Hilo lilipaswa kuwa swali la mtihani, lenye alama 20.

Anasema pia kwamba walikuwa na wasemaji fasaha. Mcha Mungu mmoja husimama, watu wakamzunguka, akawahimiza wamridhishe Mola, akawaonya na adhabu, akawakumbusha wazee wao na wafalme wao waliopita. Hiyo ni nini kama si fasihi? Yule aliyesimama katikati ya duara alikuwa mwenzetu. Ila hakuwa na kalamu, na waliokuwa na kalamu walikuwa wanapita tu.

ALICHOKIACHA

Tusimgeuze Al-Masudi malaika. Kuhusu watu weusi alirudia maneno ya dharau ya mganga wa Kigiriki, Galen, kana kwamba macho yake mwenyewe hayakutosha. Na kuna jambo kubwa ambalo mtu akisoma habari zake za Kanbalu hatalipata. Mwaka 883, miaka michache kabla hajazaliwa, ndio kwanza ilizimwa vita ya Wazanji kule Basra: watumwa waliokuwa wanafagia chumvi ya ardhi waliasi mwaka 869, wakiongozwa na Ali bin Muhammad, wakajenga mji wao, wakaisumbua Baghdad kwa miaka 14. Watoto wa Baghdad wa rika lake wamekua wakisikia vita hivyo. Lakini akiwa Kanbalu, macho yake yako kwenye pembe. Mtu anayepandishwa chomboni kwa kamba hayumo.

Anayetuonyesha hilo ni kitabu kingine cha karne hiyohiyo, cha maajabu ya Bara Hindi, kilichokusanya hadithi za manahodha. Humo mna kisa cha mwaka 922, miaka sita tu baada ya 916. Chombo kinachokwenda Kanbalu kinapeperushwa na upepo mpaka Sofala. Mfalme kijana wa huko anawapokea wageni vizuri, anawaacha wafanye biashara bila kodi, siku ya kuondoka anapanda chomboni kuwaaga. Nahodha anamtazama, anapiga hesabu kichwani: huyu sokoni Oman ni dinari 30. Tanga likapandishwa. Ni hadithi ya baharini na ina chumvi yake, lakini ile hesabu ya dinari 30 haikutungwa kwa kufurahisha watoto. Kuna watu kweli walikuwa wanatazamwa hivyo.

Na zile dinari zenyewe zilifika kwetu. Mwaka 1984, Mtambwe Mkuu, hukohuko Pemba, ilifukuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 za fedha, zenye majina ya watawala wa hapahapa pwani, pamoja na chache za dhahabu. Kati ya hizo za dhahabu zimo za Mafatimi, walewale waliokuwa wanaanza kujenga Mahdia mwaka 916. Ya mwisho ni ya mwaka 1066. Dunia ilikuwa inazunguka, ikapita Pemba, ikaacha chenji.

SISI JE?

Wanaotaka kuandika, nawaachieni hesabu hii. Safari ya 916 imetuachia majina ya matajiri wawili wa Siraf, mtawala mmoja wa Oman, na msafiri mwenyewe. Watu wa Kanbalu waliompikia, waliompakulia, waliomweleza maana ya mfalme na jina la Mola, waliomngoja aandike polepole, hakuna hata mmoja mwenye jina. Na hakuandika siku ileile. Kitabu alikikamilisha miaka ya 940, yaani zaidi ya miaka 25 baadaye, na akafia Fustat, Misri, mwaka 956. Kijana alihifadhi, mtu mzima akaandika.

Basi na sisi tuhifadhi. Mwenye bibi Mbagala anayejua mji ulikuwaje kabla ya lami, akae naye. Mwenye baba aliyefanya kazi bandarini, amwulize meli zilikuwa zinapakia nini, na ayaandike na majina ya makuli, siyo ya manahodha peke yao. Riwaya yangu ya Pemba nimeshaianza. Mhusika wa kwanza ni msichana anayesaga uwele alfajiri, kusi inaanza kulegea, na ufukweni kuna kijana mgeni anauliza maswali mengi mno. Msichana huyo nimempa jina.